UZI: Shoka halipotei, linahamia kwa jirani

Kila mjadala wa misitu ukipamba moto hapa kwetu, kuna sentensi mbili lazima utazisikia. Wa kwanza anasema, "Tufunge misumeno, tuokoe misitu, mbao tutanunua nje." Wa pili anajibu, "Hapana, tufunge mipaka, mbao za nje zinaua kazi za vijana wetu." Kila upande unapigiwa makofi na watu wake, halafu tunaenda nyumbani. Hakuna anayeuliza kama kuna nchi imeshajaribu.

Zipo. Mbili, tena wanunuzi wakubwa kabisa wa mbao laini duniani: Marekani na China. Moja ilipigana na mbao za nje kwa ushuru zaidi ya miaka arobaini. Nyingine ilizifungulia mlango bila ushuru wowote. Leo tuzifuate zote mbili tuone. Hakuna chama kitatajwa wala mwanasiasa, kwa hivyo wale mmekuja kupigana, poleni.

Kwanza tuelewane kwa jina. Mbao laini sio laini kama mkate. Ni mbao za miti ya jamii ya paini, saiprasi na wenzao wenye majani kama sindano. Ndizo fundi wako anatumia kwa paa, na ndizo zinashikilia simiti wakati slabu inamwagwa. Ukitaka kujua kama nchi inajenga, angalia mbao hizi zinaenda wapi. Shikilia hiyo, tutairudia.

Marekani inapasua mbao laini nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Na bado inaagiza. Sababu ni kwamba nyumba nyingi za huko mifupa yake ni mbao, kuanzia kuta hadi paa, na jirani yao wa kaskazini ni Kanada, ambaye ana msitu hadi unachoka kuutazama.

Hapo ndipo ugomvi ulianzia. Kule Kanada zaidi ya hekta tisa kati ya kumi za msitu ni mali ya umma, na serikali za majimbo ndizo zinaamua mwenye kiwanda atalipa nini kwa mti uliosimama. Kule Marekani miti mingi ya biashara iko kwenye mashamba ya watu binafsi na bei inaamuliwa na soko. Wapasuaji wa Marekani wakasema: hii bei ya jirani ni ruzuku imevaa koti. Wakapeleka malalamiko rasmi mara ya kwanza 1982. 1983 serikali yao wenyewe ikawaambia hakuna ruzuku ya kutozwa ushuru.

Hawakuchoka. 1986 wakarudi, na safari hii mambo yakageuka. Marekani ilipokaribia kuweka ushuru wa 15%, Kanada ikafanya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unadhani ni utani: ikakubali kuzitoza mbao zake yenyewe 15% zikitoka. Mbona? Kwa sababu kama hiyo pesa ni lazima ilipwe, heri ibaki Kanada kuliko iende Washington. Mnunuzi wa nyumba kule Marekani alilipa vilevile. Kilichobadilika ni mfuko tu.

Halafu akaingia bundi. Sisi bundi akilia juu ya mabati usiku tunamtafutia jiwe. Huko alifunga misumeno. Mwaka 1990 bundi mmoja wa misitu mikongwe ya kaskazini magharibi aliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, kesi zikafuata, na 1994 ukatoka mpango mpya wa misitu ya serikali kuu katika Washington, Oregon na kaskazini mwa California. Ukataji kwenye misitu hiyo ulishuka kwa zaidi ya 80%. Miji iliyokuwa inaishi kwa msumeno ikabaki na maduka yaliyofungwa. Hilo halikuwa jambo dogo kwa watu wa huko, na mpaka leo ukitaja bundi kwenye baa fulani za Oregon usitarajie kununuliwa kinywaji.

Sasa cheki. Je, Wamarekani waliacha kujenga? Thubutu. Kufikia katikati ya miaka ya tisini, karibu theluthi moja ya mbao laini zote zilizotumika Marekani zilitoka Kanada. Msitu wa Oregon ulipumzika, na shoka likawa British Columbia na Quebec. Na serikali ileile ambayo mpango wake wa misitu ulipunguza mbao za nyumbani ikarudi kulalamika kwamba mbao za nje zimezidi! Ndipo 1996 wakaandikiana mkataba: majimbo manne ya Kanada yangeuza futi za ubao bilioni 14.7 kwa mwaka bila ada, na ya kuzidi hapo yangelipiwa. (Futi ya ubao ni kipande cha futi moja kwa futi moja, unene wa inchi moja. Ndicho kipimo chao.)

Mkataba uliisha 2001. Mwaka uliofuata Marekani ikaweka ushuru wa jumla ya takriban 27%. Ukimsikiliza yule wa "tufunge mipaka," hapa mbao za Kanada zilipaswa kuanguka.

Zilipanda.

Ushuru ulipunguzwa baadaye lakini haukuondolewa hadi 2006, na katikati ya hayo yote mbao zinazoingia ziliendelea kuongezeka mpaka 2005 zikafika kilele. Kisa? Mikopo ya nyumba ilikuwa inatolewa kama njugu. Mwaka huo wa 2005 Wamarekani walianza kujenga nyumba zaidi ya milioni mbili. Mjenzi mwenye foleni ya wateja hasimamishwi na ushuru, anaongeza kwenye bei tu. Na viwanda vya Kanada navyo vilikuwa vinakimbizana na mdudu wa gome la paini aliyekuwa anaua misitu ya British Columbia. Miti iliyokufa ilibidi ikatwe kabla haijaharibika.

Baadaye mikopo ikalipuka. 2009 nyumba zilizoanzwa zilikuwa kama 554,000 pekee, na mbao za kuingia zikashuka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na 2005. Fikiria mtu amesimama jukwaani 2009 na kusema, "Tumepunguza mbao za nje kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka minne!" Angekuwa anasema ukweli mtupu. Kila neno. Na watu waliokuwa wamepoteza nyumba zao na kazi zao za mjengo wangekuwa hapo chini wanamsikiliza.

Kwa hivyo ukionyeshwa takwimu ya bidhaa za nje zimeshuka, swali la kwanza ni: nyumba zinajengwa?

Na ile pesa ya ushuru wa 2002 hadi 2006 je? Ilikuwa kama dola bilioni 5. Walipopatana 2006, zaidi ya bilioni 4 zilirudishwa kwa Wakanada, na bilioni 1 ikabaki Marekani. Nusu ya hiyo bilioni ilienda kwa kundi la wapasuaji waliopeleka malalamiko. Mwananchi aliyelipa bei ya juu ya nyumba hakurudishiwa hata senti. Mimi sina neno.

Mkataba wa 2006 nao uliisha 2015, na 2017 ushuru ukarudi, wastani wa kama 20% kwa kampuni nyingi. Umekuwa ukipanda na kushuka tangu hapo. Mei 2021, janga likiwa limefunga viwanda na watu wamejifungia nyumbani wakikarabati, bei ya futi za ubao elfu moja ilipita dola 1,600, wakati kabla ya janga ilikuwa chini ya 500. Chama cha wajenzi wa nyumba huko kilikadiria kwamba mbao peke yake zimeongeza karibu dola 36,000 kwenye bei ya nyumba mpya. Ushuru haukuondolewa. Na 2025 ukapandishwa tena hadi karibu 35%, kisha juu yake ikaongezwa 10% nyingine kwa jina la usalama wa taifa. Jumla, 45%. Kwa mbao za paa.

Sitaki kudanganya watu hapa: ushuru haukukosa kazi kabisa. Mbao za Kanada, zilizokuwa theluthi ya matumizi ya Marekani, sasa ni kama robo. Viwanda vimeongezeka kusini mwa Marekani. Lakini angalia nani ana viwanda hivyo: sehemu kubwa imenunuliwa na kampuni zilezile za Kanada, zilizohamisha pesa zao kusini na kufunga viwanda vyao British Columbia. Na sehemu ya pengo imejazwa na mbao kutoka Ujerumani, Sweden na Austria, zimevuka Atlantiki. Kuna Mmarekani amepata kazi, hilo ni kweli. Kuna Mkanada amepoteza, hilo pia ni kweli. Na mbao zimesafiri mbali zaidi kuliko mwanzo.

Sasa twende China. Na huku hadithi inaanza na maji.

Majira ya joto ya 1998, mto Yangtze ulifurika vibaya sana. Zaidi ya watu 3,000 walikufa, mamilioni wakahama. Serikali ikanyoosha kidole milimani: misitu ya juu ya mto imekatwa, udongo hauna wa kuushika. Mwaka huohuo ukataji wa misitu ya asili ulianza kupigwa marufuku sehemu za juu za Yangtze na Mto Manjano, kisha mpango ukapanuliwa. Mamia ya maelfu ya wafanyakazi wa misitu walipoteza kazi zao au wakageuzwa kuwa wapanda miti. Mwaka wa 2017 ukataji wa biashara kwenye misitu ya asili ulisimamishwa nchi nzima.

Lakini wenzetu walifanya hesabu ambayo watu wengi wa "tufunge misumeno" huwa hawaifanyi. Walijua mbao zitahitajika. Kwa hivyo mwaka 1999, mara tu baada ya marufuku, waliondoa ushuru wa forodha kwenye magogo na mbao. Sifuri. Walifunga mlango wa nyuma wakafungua wa mbele siku zilezile.

Kilichofuata ni treni. Magogo ya Siberia yalipita miji ya mpakani kama Manzhouli na Suifenhe mfululizo, na 2007 Urusi iliuzia China zaidi ya mita za ujazo milioni 20 za magogo. Hapa kuna mtego kwa wale mnaopenda kulinganisha michoro: ukichora mbao zilizopasuliwa peke yake, China ya miaka hiyo inaonekana mnunuzi mdogo tu mbele ya Marekani. Sababu ni kwamba ilikuwa inanunua mti mzima na kuupasua nyumbani, kazi ibaki kwa watu wake. Mtu akiamua kuficha magogo kwenye mchoro wake anaweza kukuambia lolote.

Urusi ikastuka, kama sisi na makadamia. Mnakumbuka 2009 tulipokataza makadamia kuuzwa nje na ganda lake ili ibanguliwe hapa? Basi Urusi ilipandisha ushuru wa kutoa magogo hadi 20% Julai 2007, kisha 25% Aprili 2008, na ikatishia kufika 80%. Ikitaka viwanda viwe upande wake. Na Januari 2022 ikapiga marufuku kabisa magogo ya mbao laini ambayo hayajachakatwa.

China ilifanya nini? Ikatafuta wengine. New Zealand, nchi ndogo yenye mashamba makubwa ya paini, ikawa muuzaji mkuu wa magogo laini kwa China. Urusi ikaanza kuuza mbao zilizopasuliwa badala ya magogo, mara nyingi kwenye viwanda vilivyowekwa pesa na Wachina wenyewe. Na Kanada, ambayo 2009 ilikuwa imekaa na mbao zisizo na mnunuzi kwa sababu Marekani imelala, ikageuza meli. Mnamo 2011 British Columbia iliuzia China mbao laini za zaidi ya dola bilioni 1, biashara ambayo miaka kumi kabla yake ilikuwa karibu na bure.

Hapa ndipo mistari ya nchi hizi mbili inakutana, na ndipo napenda zaidi. Weka michoro miwili kwenye karatasi moja. Ule wa Marekani unapanda mpaka 2005, unaporomoka hadi 2009, kisha unapanda polepole bila kurudi ulikokuwa. Ule wa China unaanza chini mwishoni mwa miaka ya tisini, na wakati wa Marekani unaanguka, wenyewe unapaa, kwa sababu serikali ya China ilimwaga pesa nyingi za ujenzi kujikinga na mtikisiko uleule. Marekani ina ushuru, China haina. Marekani inagombana na muuzaji mmoja miaka nenda rudi, China ina wauzaji kibao. Sera tofauti kama usiku na mchana. Lakini kila mmoja mstari wake unafuata kitu kilekile: korongo za mjengo.

Ushahidi wa mwisho ulikuja 2021. Kampuni kubwa za nyumba za China zilishindwa kulipa madeni, majengo yakabaki magofu yasiyoisha, na mbao za kuingia zikaanza kushuka. Hakuna sheria iliyobadilika. Ushuru ulikuwa sifuri kabla, ukabaki sifuri baada.

Je, China ilifaulu? Kwa misitu yake, ndio, na tuseme waziwazi. Eneo lenye misitu lilitoka takriban 16-17% ya nchi miaka ya tisini hadi zaidi ya 23% kwa hesabu zao. Sio mchezo. Lakini ukataji haramu ukawa kilio Mashariki ya Mbali ya Urusi, na wakazi wa Siberia walilalamika kwamba misitu yao inaliwa na soko la jirani. Hao hawakuwa na kura Beijing. Ndivyo ilivyokuwa kwa bundi pia: Mkanada aliyekuwa na msitu hakuulizwa Oregon.

Na sisi je?

Sisi tulianza 1999, marufuku ambayo ilikaa zaidi ya miaka kumi, huku viwanda vichache vikubwa vikiruhusiwa kuendelea kukata. Wapasuaji wadogo ndio walioumia. Februari 2018 tukafunga tena misitu ya umma na ya jamii. China mito ilikuwa imefurika, kwetu ilikuwa imekauka, na watu walikuwa na haki ya kukasirika. Siku 90 zilizotangazwa zikawa miaka mitano. Julai 2023 marufuku ikatangazwa kuisha, mawakili wakaenda kortini, mahakama ikasimamisha kwanza, mabishano yakaanza upya. Hayo mnayajua.

Ambalo halisemwi sana ni kwamba katika miaka hiyo yote paa za Kenya hazikuacha kuezekwa. Ukiingia Gikomba uulize fundi paini yake imetoka wapi, wengi watakuambia Tanzania, na ukimbana zaidi atakuambia Iringa. Huko Mufindi kuna shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali ya Tanzania. Mbao zinapanda lori, zinavuka Namanga, na kwa sababu tuko soko moja la Afrika Mashariki hazilipi ushuru wa forodha zikiwa za huko kweli. Tulifanya kama China bila kupanga kama China. Mlango wa mbele ulikuwa wazi tayari, ila hakuna aliyemwambia mwenye kinu cha mbao Elburgon kwamba mpango ndio huo. Alijua alipoona lori linapita.

Nawasikia wale wa upande wa pili: basi tutoze za Tanzania. Sawa. Kwanza kuna mkataba wa Jumuiya. Halafu mnasahau kitu: Marekani ilipotoza, ilikuwa na miti yake iliyokomaa ya kujaza pengo, milima na milima kule kusini, mingi kwenye mashamba ya watu binafsi yaliyopandwa miaka mingi kabla. Ushuru haukuotesha mti hata mmoja. Sisi mashamba yetu ya serikali yana sehemu ambazo miti imezidi umri, na serikali yenyewe ilisema inaozea msituni, na sehemu nyingine zilikatwa zikaachwa bila kupandwa. Ukitoza leo, fundi wa Kayole analipa leo. Miti inakuja lini?

Hesabu ni hii. Saiprasi ya mbao inachukua kama miaka 25 hadi 30 kukomaa. Mche uliopandwa mwezi uleule marufuku ilipotangazwa, Februari 2018, utakuwa tayari kwa msumeno kuanzia 2043 hivi. Kabla ya hapo tuna uchaguzi mkuu 2027, 2032, 2037 na 2042.